Pia ya Goti: Upasuaji Wake na Maswali Yampasayo Mwanachama Kuuliza

(Maneno ya mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Kigombe)



Katika daftari la mahudhurio la chama chochote cha pwani yako majina ambayo hupotea pole pole. Mwenye jina hakufa, hakuhama, wala hakuandika barua ya kujiuzulu. Mkutano ukifanywa jirani na nyumba yake huja. Ukifanywa upande wa pili wa kijiji hutuma salamu. Baadaye hata salamu hazifiki. Katibu akienda kumtazama humkuta kibarazani, mguu ameunyosha juu ya mkeka, goti limefungwa kitambaa. Ataambiwa kwamba ni baridi yabisi, kwamba ni uzee, kwamba ndivyo alivyoamua Mwenyezi Mungu. Mazungumzo haya yanahusu goti hilo, na hasa kile kipande kidogo cha mfupa kilichoko mbele yake.

Kipande hicho huitwa pia ya goti. Wazee wengine hukiita kilegesambwa. Mtu akikaa na kunyosha mguu bila ya kukaza msuli, aweza kukishika kwa vidole viwili na kukisukuma huku na huku. Upande wa nje ni mfupa mtupu chini ya ngozi. Upande wa ndani umefunikwa gegedu, yaani ile nyama ngumu, nyeupe na laini kwa kugusa, ambayo huonekana katika ncha za mifupa ya mbuzi anapochinjwa. Gegedu la pia ya goti ni nene kupita magegedu karibu yote ya mwili, na si bure. Pia hukaa katikati ya kano kubwa ya msuli wa paja, nayo huteleza juu na chini ndani ya mfereji ulio mwisho wa mfupa wa paja, kama kamba ipitavyo katika kapi ya jahazi. Kwa kuwapo kwake msuli wa paja hupata nguvu zaidi ya kuunyosha mguu. Watu waliowahi kuondolewa pia nzima, kama ilivyokuwa desturi zamani baada ya mfupa huo kuvunjika, hujua walivyopungukiwa wanapopanda ngazi.

Mzigo unaoukandamiza mfupa huo haulingani siku zote. Katika kutembea mahali tambarare ni kama nusu ya uzito wa mwili. Katika kupanda na kushuka ngazi hufika mara tatu na zaidi. Mtu akichuchumaa kabisa hufika mara saba au kupita. Kwa hiyo mtu wa kilo 70 anapoinuka kutoka kwenye kibao cha mbuzi, pia zake hubanwa kwa uzito ambao hangethubutu kuubeba kichwani.

Hapo ndipo Kigombe inapoingia katika habari hii. Kazi za mahali hapa nyingi ni kazi za magoti. Wanawake washukao mwambani wakati wa bamvua kuchokoa pweza huinama na kuchutama kwa saa nyingi juu ya mawe yasiyo sawa. Wakulima wa mwani wa pwani hii ya Tanga hufunga mbegu wakiwa wamekaa kitako au wamechuchumaa majini. Mkata mkonge huinama, hukata, huinuka na mzigo begani, na kurudia hayo tangu alfajiri. Mvuvi huruka kutoka chomboni akiwa na kapu mkononi. Nyumbani napo kuna kukuna nazi, kusuka makuti, kufua katika beseni lililoko chini, na choo cha kuchuchumaa. Mwenye kusali husujudu na kukaa juu ya miguu yake mara nyingi kila siku. Magoti ya karani akaaye kitini mjini hayakupewa kazi ya namna hii.

Jina la baridi yabisi limetumika kwa magonjwa mengi, na kwa sababu hiyo watu wengi wamepotezwa. Ugonjwa unaozungumzwa hapa hautokani na baridi ya alfajiri wala na maji ya bahari. Ni kulika kwa gegedu. Ule ulaini hukwaruzika, hupasuka, hupungua. Mfupa wa chini yake hukaza na kuota vinundu pembeni. Goti huvimba na kutoa mlio kama wa mchanga. Wanaopatwa zaidi ni wenye umri mkubwa, wanawake waliokwisha kukoma hedhi, wenye uzito mwingi, walioumia goti ujanani, waliorithi udhaifu huo katika ukoo, na wale ambao kazi yao ni kuchutama na kunyanyua. Mtu mmoja aweza kuwa na sababu zote hizo. Pengine ulaji huo huanza upande wa ndani wa goti, kati ya paja na muundi. Pengine huanza nyuma ya pia, na dalili yake hujulikana: kutembea tambarare si tabu, lakini kushuka ngazi, kuinuka mkekani au kutoka chooni huchoma mbele ya goti kama kisu.

Yafaa isemwe mapema kwamba wengi hawahitaji kisu. Tiba ya kwanza ni mazoezi ya msuli wa paja. Mgonjwa hukaa juu ya kiti, hunyosha mguu, huukaza kwa muda wa kuhesabu kumi, kisha huushusha taratibu, na kurudia asubuhi na jioni kwa miezi, si kwa siku tatu. Mwenye unene apunguze uzito, maana kila kilo inayoondoka tumboni huondoka mara kadhaa juu ya goti. Fimbo ishikwe kwa mkono ulio upande wa mguu mzima. Wengi huishika upande wa mguu mbovu na kushangaa kwamba haiwasaidii. Dawa za kutuliza maumivu zipo, pamoja na za kupaka, lakini zile za kumeza za jamii ya ibuprofen na diclofenac, zinunuliwazo dukani kama pipi, huumiza tumbo na figo zikimezwa mwezi baada ya mwezi bila ya mganga kujua. Mafuta ya nazi yaliyopashwa moto na kukandwa pole pole hayana dhara. Kuumikwa na kuchanjwa juu ya goti lililovimba ni jambo jingine, kwa sababu chale hufungua mlango wa vijidudu. Na goti lililovimba ghafula, likawa la moto, mwenye nalo akawa na homa, si la kungojea Jumatatu. Huenda lina usaha ndani, na lapaswa kufika hospitalini siku hiyo hiyo.

Wale ambao mazoezi, fimbo na dawa vimewashinda, hawalali usiku kwa maumivu, na picha ya eksirei imeonyesha kwamba mfupa unasagana na mfupa, ndio wanaohusika na upasuaji.

Neno “kubadili goti” limewaogofya watu wengi kupita upasuaji wenyewe. Wapo wanaoamini kwamba mguu hukatwa na kutiwa wa chuma. Sivyo. Mpasuaji hupunguza ncha za mifupa kwa kiasi cha kama milimita tisa au kumi tu, kisha huvika mwisho wa mfupa wa paja kifuniko cha madini, na juu ya muundi huweka bamba la madini lenye kitako cha plastiki ngumu. Kano za pembeni, misuli na ngozi hubaki kuwa za mwenyewe. Ni sawasawa na fundi anayekongoroa sakafu iliyobomoka na kuisakafia upya; nyumba haikubomolewa.

Pia ya goti nayo huweza kusakafiwa. Mpasuaji huigeuza, hukata upande wake wa ndani uliolika, na mahali pake hubandika kifungo cha plastiki ngumu, cha mviringo, kikubwa kidogo kuliko kifungo cha koti, kwa saruji maalumu ya mifupa. Kazi hii yataka mkono wenye hesabu. Pia ya mtu mzima ina unene wa milimita 20 na ushei mpaka 25. Akikata kidogo mno, kifungo kitaifanya kuwa nene kuliko ilivyokuwa, na goti litabana. Akikata mno akabakiza mfupa usiofika milimita 12, pia yaweza kuvunjika siku mgonjwa anapojikwaa.

Ufundi huu haukuanza jana. Mwaka 1955, Duncan McKeever wa Marekani alieleza namna ya kuivika pia gamba la madini. John Charnley wa Uingereza alipofanikiwa kuzishikiza nyonga za bandia kwa saruji, njia ilifunguka kwa magoti pia; na mwaka 1974, katika hospitali moja ya New York, John Insall na wenzake walianza kutumia goti ambalo magoti mengi ya leo ni wajukuu zake, likiwa na kifungo chake cha pia. Tangu siku hizo wapasuaji wamegawanyika makundi matatu. Wako wanaoweka kifungo kwa kila mgonjwa. Wako wasioweka kabisa, wakisema kwamba mfupa wa mtu mwenyewe ni bora kuliko plastiki, na kwamba kifungo huleta mashaka yake: kulegea, kuchakaa, pia kuvunjika. Wako wanaochagua, wakimwekea mwenye pia iliyolika sana au mwenye ugonjwa wa yabisi ule unaoshambulia viungo vingi kwa pamoja, na kumwacha mwingine. Nchini Marekani wagonjwa walio wengi huwekewa. Nchini Sweden na Norway ni wachache mno.

Makatibu watapendezwa kusikia kwamba hoja hii haikupelekwa mbele kwa maneno ya wakubwa, bali kwa madaftari. Sweden ilianza mwaka 1975 kuandika kila goti linalopasuliwa katika nchi nzima: mgonjwa, tarehe, aina ya kifaa, na kama alirudi kupasuliwa tena. Nchi nyingine zikafuata. Malawi, jirani wa karibu, ilianza daftari lake la viungo mwaka 2005, ingawa idadi ya upasuaji wake ilikuwa ndogo. Uingereza nayo ilifanya uchunguzi mkubwa kati ya mwaka 1999 na 2003, ukihusu wagonjwa 2,352 na wapasuaji 116 katika hospitali 34. Sehemu ya wagonjwa hao walipangwa kwa kura, wengine wawekewe kifungo cha pia na wengine wasiwekewe, kisha wote wakafuatwa kwa miaka mingi. Matokeo hayakuyafurahisha makundi yote: uwezo wa kutembea na kufanya kazi ulikaribiana sana, wenye kifungo na wasio nacho. Tofauti ilikuwa ndogo, tena upande wa gharama, nayo ilielekea kukipendelea kifungo. Madaftari ya nchi nyingine yameonyesha kwamba asiyewekewa yuko katika hatari kubwa kidogo ya kurudi mezani, akilalamika maumivu ya mbele ya goti, ili awekewe kifungo kilichoachwa mara ya kwanza. Mwaka 2020, NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, ilishauri kwamba anayewekewa goti zima apewe na nafasi ya kusakafiwa pia.

Hoja hiyo ina uzito wa pekee kwa mtu wa Kigombe. Mgonjwa wa mji mkubwa akirudiwa na maumivu hupanda basi la mjini na kurudi kwa mpasuaji wake. Mgonjwa wa hapa hana budi kufunga safari ya pili ya mamia ya kilomita, atafute tena nauli, tena mtu wa kumsindikiza, tena mahali pa kulala. Safari ya pili ndiyo iliyo ghali, na mara nyingi haifanywi, mtu huvumilia. Kwa hiyo swali “Je, pia yangu itasakafiwa au itaachwa, na kwa sababu gani?” si utovu wa adabu mbele ya daktari. Ni swali la haki, lakini liulizwe kabla ya siku ya upasuaji. Jibu laweza kuwa “itaachwa”, kwa kuwa pia ni nyembamba au gegedu lake ni zima, nalo likawa jibu jema.

Swali la pili ni juu ya kupiga magoti. Hapa pana kosa linalofanywa na pande zote mbili. Mgonjwa hudhani kwamba goti jipya litafanya yote yaliyofanywa na la ujana; daktari, akiwa amezoea vitabu vilivyoandikwa na watu wakaao vitini, husahau kuuliza mgonjwa hukaa wapi. Goti lililosakafiwa kwa kawaida hukunjika mpaka nyuzi 110 au 120. Hizo zatosha kwa kutembea, ngazi, kiti na baiskeli. Kuchuchumaa kabisa kwahitaji zaidi ya hapo. Kupiga magoti hakukatazwi na kila mpasuaji, ila wengi waliopasuliwa huona vigumu, ama kwa maumivu ya kovu ama kwa hofu. Mwenye kusali atasali juu ya kiti, na ruhusa ya mgonjwa katika jambo hilo yajulikana na kila mwalimu wa chuo. Mwenye kuchokoa pweza aelezwe wazi, kabla ya kuweka sahihi, kwamba huenda mwambani hatarudi kwa kazi ile ile. Wako watakaosema kwamba kwa bei hiyo ni bora maumivu. Ni haki yao. Wengine, waliokwisha kukosa usingizi miaka mitano, watajibu kwamba mwamba walikwisha kuuacha zamani.

Hatari nazo zitajwe bila ya kupunguzwa. Vijidudu huweza kuingia katika goti jipya, kwa mgonjwa mmoja au wawili katika kila mia, na kuwaondoa ni kazi ngumu na ndefu. Damu huweza kuganda katika mishipa ya mguu. Kama mgonjwa mmoja katika kila watano husema baadaye kwamba hakuridhika sawasawa. Upande wa pili wa mizani, hesabu iliyochapishwa mwaka 2019 kutokana na madaftari ya Australia na Finland ilikadiria kwamba magoti 82 katika kila 100 hudumu miaka 25. Kwa mama wa miaka 65 hiyo ni sehemu kubwa ya umri uliobaki.

Kuna tahadhari moja ambayo vitabu vya ng'ambo haviitaji kwa jina lake la hapa. Miguu ya watu wa pwani haikosi majeraha: mwiba wa nyale, ukali wa matumbawe, kidonda cha kiatu cha plastiki kati ya vidole. Kidonda chochote cha mguu, jino bovu, au ugonjwa wa njia ya mkojo ni akiba ya vijidudu vitakavyosafiri mpaka kwenye goti jipya. Mgonjwa mwenye kidonda hurudishwa, nauli yote ikiwa imekwisha potea. Basi miezi miwili kabla ya tarehe mwambani kusiendwe, na kila kidonda kifungwe hadi kipone. Mwenye kisukari atulize sukari yake, na mvutaji aache sigara.

Kuhusu njia ya kufuata, mgonjwa huanza katika zahanati au kituo cha afya, apate barua. Kutoka hapo huenda hospitali ya wilaya, kisha Bombo mjini Tanga, ambayo ni hospitali ya rufaa ya mkoa. Upasuaji wenyewe wa kubadili viungo hufanywa katika hospitali kubwa, ya kwanza ikiwa Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Na upande wa kaskazini iko KCMC, Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971. Anayeruka ngazi za chini na kwenda moja kwa moja bila ya barua hupoteza siku, na mwenye bima huweza kupoteza haki ya kulipiwa. Katika picha aombazo daktari yafaa iwemo ile ipigwayo goti likiwa limekunjwa, inayoionyesha pia juu ya mfereji wake. Bila ya hiyo ulaji wa nyuma ya pia huweza kufichika.

Fedha ndiyo inayowakwamisha wengi. Vifaa hivi huagizwa kutoka ng'ambo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, lakini kuwa na kadi si sawa na kujua kadi hiyo inalipa nini. Katibu wa chama, ambaye amezoea kusoma mikataba ya mazao na maandishi madogo yaliyoko chini yake, ndiye afaaye kuuliza kwa niaba ya mwanachama, tena kwa maandishi: je, kifaa cha goti kinalipwa chote au nusu? Kifungo cha pia kimo ndani ya bei hiyo au huhesabiwa mbali? Mazoezi ya viungo baada ya upasuaji yanalipwa mara ngapi? Majibu yahifadhiwe katika jalada la mwanachama, si kichwani mwa katibu, kwa maana makatibu hubadilishwa.

Yako pia mambo yasiyohitaji fedha nyingi ambayo chama chaweza kuyafanya bila ya kungoja mtu. Mkutano waweza kuhamishiwa mahali penye viti. Mizani ya kupimia mazao yaweza kuinuliwa juu ya meza, ili mpimaji na mleta mzigo wasichutame siku nzima. Kwa gharama ya mbao mbili, meza ya kufungia mbegu za mwani yaweza kuwekwa kivulini. Magoti ya vijana wanaokata na kufunga leo ndiyo yatakayopelekwa Dar es Salaam baada ya miaka thelathini.

Na mwanachama aliyepasuliwa atakaporudi? Atasimamishwa na wauguzi siku ile ile au kesho yake, na atarudi nyumbani kwa magongo. Majuma sita ya kwanza ndiyo magumu, kwa kuwa goti lisilokunjwa kila siku hukaza, na likisha kukaza hukaza kweli. Jirani mwenye huruma humwambia alale apumzike, naye kwa huruma hiyo humharibia kazi ya daktari. Kitanda chake kiinuliwe kwa matofali. Chooni kiwekwe kiti kilichotobolewa katikati, ambacho seremala wa kijiji hukitengeneza kwa nusu siku. Kibao cha mbuzi apewe mwingine, naye akunie nazi mezani kwa kikunio cha kuzungusha kwa mkono kikipatikana. Tarehe ya kurudi kliniki, ambayo kwa kawaida ni baada ya majuma sita na tena baada ya mwaka, iandikwe na katibu katika daftari la chama, ukurasa ule ule wenye jina lake, pamoja na jina la mtu atakayemsindikiza na mahali ilipo nauli.